Goti la Korongo

Ghorofa ya nne, Umoja. Stima imerudi saa tano usiku
na mimi nachora kitufe. Kimoja tu, rangi ya boga.
Njogu anataka kiwe buluu: watu huiamini buluu,
benki ngapi ni za buluu.
Namwambia, ndiyo maana.

Soko zima tumelipanga ndani ya kioo cha simu.
Hapa msanii anapandisha picha, hapa anataja bei,
hapa mnunuzi anateleza kwa kidole
kutoka Ngara hadi Ngong bila kuchafua kiatu.
Na hapa tunakata asilimia kumi,
kwa herufi ndogo, chini kabisa,
pale dalali hupenda kukaa.

Jumanne nikaipeleka Kariobangi, kwa Syombua,
upande wa mafundi, ambako nyundo hazijui kunong'ona.
Alikuwa akimchomelea korongo,
wale wanene wanaokalia miti ya Barabara ya Mombasa
kama makarani waliostaafu:
shingo ya bomba la eksozi, manyoya ya vijiko,
kifua cha tangi la pikipiki.
Akavua miwani, akabaki na miduara miwili safi
katikati ya masizi.
Akaishika simu yangu kwa vidole viwili,
kama yai la jirani.

Aina ya kazi? ikauliza programu.
Uchoraji. Uchongaji. Ufinyanzi. Picha. Nyinginezo.
"Mimi sichongi," akasema. "Kuchonga ni kupunguza.
Mimi naongeza."
Kidole kikashuka, kikashuka, kikatua kwenye Nyinginezo,
nami nikaona haya kama mwenye harusi
aliyemkalisha mgeni karibu na choo.

Uzito aliujua bila mizani: kilo kumi na nane.
Bei akaiandika, akaifuta, akaiandika.
Kisha akauliza jambo nisilolichorea kisanduku:
"Huyu atakayenunua, atamweka wapi?"

Nikasema faragha. Nikasema sheria za data.
Nikasema anwani za wateja hatuzionyeshi.

"Sijauliza mtu anakaa wapi. Nauliza korongo.
Akiachwa kwenye mvua, mwezi wa nne ataanza kutoa kutu
hapa, kwenye goti. Goti hili nililiunga mbiombio,
mtoto alikuwa na homa.
Wewe hulioni. Picha yako pia hailioni."

Usiku ule nikafuta orodha nzima,
kila msanii aandike mwenyewe anachofanya.
Njogu akashika kichwa: utafutaji utaharibika.
Ukaharibika. Wiki mbili, aliyetafuta ndege
aliletewa batiki na mlango mmoja wa mninga.

Nikaweka na kisanduku kwa mnunuzi, kabla ya malipo:
Utaiweka wapi?
Na kitufe cha boga hakiwaki mpaka ajibu.
Wataondoka, akasema Njogu.
Wengine waliondoka. Mmoja aliandika "ukutani",
mmoja "kwani wewe polisi?"

Halafu Ijumaa, niko kwenye foleni ya maji na mitungi miwili,
simu ikatetemeka. Korongo kalipiwa.
Na chini yake, bila hata nukta:
*varanda ya mama buruburu apate wa kutazamana naye
asiyemuuliza kama amemeza dawa*

Nikamsomea Syombua kwa simu. Nyuma yake nyundo ziliendelea,
yeye akanyamaza muda mrefu kuliko salio langu lilivyopenda.
"Varanda za huko," akasema, "mvua huingia kwa ubavu.
Msimchukue bado."

Hali ya oda, kwenye mchoro wangu, ni tatu:
imelipwa, imetumwa, imefika.
Nimeweka mitungi chini, foleni inanipita,
naandika ya nne kwa kidole gumba:
goti linarudiwa.